Barua ya wazi kwa Cricket Kenya: Kabla ya kupanda ndege, piteni Kitale na Bungoma

Kwa Mwenyekiti na Halmashauri ya Cricket Kenya,
Kwa Waziri anayesimamia michezo,
Kwa maafisa wa michezo wa Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma,

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Kamukuywa, kando ya barabara kuu inayotoka Kitale kwenda Webuye. Mimi ni mwalimu. Asubuhi nafundisha Kiswahili, jioni nasimamia michezo. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifundisha pia kriketi, mchezo ambao hakuna aliyenituma kuufundisha, katika shule isiyo na hata gongo moja lililonunuliwa dukani.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha nimekwisha kuijaribu. Barua niliyoipeleka mwenyewe katika ofisi moja ya michezo ilijibiwa kwa mdomo mlangoni: “Mwalimu, ninyi kule mna raga na mpira wa magongo. Kriketi mwaitakia nini?” Niliondoka nalo swali hilo, na nimeishi nalo muda mrefu. Barua hii ndiyo jibu langu.

Kila mara timu ya taifa inapotangazwa kwa ziara ya ng'ambo, wanafunzi wangu husoma orodha ya majina kwenye simu yangu, kisha huniuliza jambo lile lile: “Mwalimu, kuna wa huku?” Sijaweza kuwatajia hata mmoja aliyeanza kriketi katika shule za kaunti hizi mbili. Nimechoka kujibu hapana. Kwa hiyo naweka hoja zangu kwa mpangilio, halafu nitaeleza tunachoomba.

1. Kushuka kwetu hakukuanzia kwa wachezaji.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Vijana wa Maurice Odumbe wakaingia uwanjani wakawaondoa wapigaji wote wa West Indies, timu ya Brian Lara, wakiwa na mikimbio 93 tu. Mwaka 2003 tuliandaa Kombe la Dunia pamoja na Afrika Kusini na Zimbabwe. Tarehe 24 Februari, jijini Nairobi, Collins Obuya aliangusha wiketi 5 za Sri Lanka kwa mikimbio 24, na tukasonga mbele hadi nusu fainali.

Nusu fainali hiyo ilichezwa Durban tarehe 20 Machi 2003. Nilikuwa kijana niliyetoka tu kumaliza shule. Tulijazana katika hoteli moja mjini Kitale, na chai ikachemka jikoni hadi sufuria ikakauka, kwa maana mpishi naye alikuwa amesimama nasi mbele ya televisheni na mwiko mkononi. India walipata 270. Sisi tuliishia 179, Steve Tikolo akiwa na 56. Tulishindwa, lakini hakuna aliyekwenda nyumbani kabla ya wiketi ya mwisho kuanguka. Usiku ule watu wa Kitale, wengi wao wasiojua kwamba ova ni mipira sita, waliona kwamba mchezo huu ni wao pia.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Wachezaji waligoma, viongozi wakavutana, na mwaka 2005 chama cha zamani kikaondoka, Cricket Kenya ikachukua nafasi yake. Katika Kombe la Dunia la 2011 tulipoteza mechi zote sita, na kule Chennai New Zealand wakatuondoa sote tukiwa na mikimbio 69. Mapema mwaka 2014, katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika New Zealand, tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50, hadhi tuliyokuwa nayo tangu miaka ya tisini. Mwaka 2018 tulikwenda Namibia tukarudi bila ushindi hata mmoja, na nahodha, kocha na kiongozi wa chama wote wakajiuzulu.

Kila mara lawama iliwekwa mabegani mwa waliosafiri. Mimi nasema wale kumi na watano waliopanda ndege walikuwa ndio mavuno yote yaliyokuwepo. Mkulima wa Trans Nzoia akivuna magunia matatu mahali pa thelathini, halaumu magunia. Hurudi kuangalia alipanda nini, alipanda lini na alipanda wapi.

2. Ziara moja iliyopaswa kutuamsha ni ile ya mwaka 2013.

Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2013, timu yetu ilikwenda Umoja wa Falme za Kiarabu kukutana na Afghanistan. Ziara moja, aina tatu za mchezo: ova 20, ova 50, na mechi ya siku nne ya Kombe la Mabara. Tarehe 30 Septemba, Sharjah, katika ova 20, tuliondolewa sote tukiwa na mikimbio 56. Tarehe 4 Oktoba, hapo hapo Sharjah, katika ova 50, tuliondolewa kwa 93. Afghanistan wakazifikia kwa kupoteza wiketi tatu tu, na kwa ushindi huo wakafuzu kwa Kombe la Dunia la 2015, la kwanza kwao la ova 50.

Siitaji siku hiyo ili kumwaibisha yeyote. Naitaja kwa sababu ya waliokuwa upande wa pili. Wengi wa kizazi kile cha Afghanistan walijifunza kriketi katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Nchi yao ilikubaliwa na shirika la kriketi duniani, ICC, mwaka 2001. Sisi tulipokuwa tukicheza nusu fainali Durban, wao walikuwa wanaanza kuhesabiwa. Miaka kumi baadaye wakatupita katika uwanja mmoja na katika juma moja. Walitupita kwa sababu kila mtoto kambini mwao alikuwa mchezaji, na sisi wachezaji wetu walikuwa wakitoka katika mitaa michache ya Nairobi.

3. Aina tatu za mchezo ni mazao matatu, na kila zao lina msimu wake.

Nikiwafundisha watoto tofauti za mechi hizi huwaambia hivi. Ova 20 ni sukuma wiki ya nyuma ya jikoni: wiki chache tu unachuma. Kila timu ina mipira 120, na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4. Ova 50 ni mahindi: unapanda mvua ya Machi au Aprili, unapalilia, unaweka mbolea ya kukuzia, unavuna kuanzia Oktoba. Mrushaji ana ova 10, na mpigaji lazima ajue wakati wa kungoja na wakati wa kukimbilia. Mechi ya siku nne ni miwa ya Bungoma: mwaka mmoja na nusu kabla ya kukata. Kila timu hupiga mara mbili, mpira ni mwekundu, mrushaji hana kikomo cha ova, na mpigaji anaweza kukaa uwanjani siku nzima akiiacha mipira mingi ipite bila kuigusa.

Sasa, waheshimiwa, mtu aliyelima sukuma wiki peke yake mkimpa shamba la miwa mtamtarajia afanye nini? Kijana wetu anayecheza ova 20 wikendi baada ya wikendi huzoea kuinua kila mpira. Mkimpeleka ng'ambo katika mechi ndefu, mpira wa tatu unaopinda nje ya wiketi huufuata kwa gongo, na safari yake huishia hapo. Hakukosa kipaji, alikosa msimu. Uvumilivu wa saa tano za kupiga haufundishwi kwenye ndege wala katika kambi ya mazoezi ya wiki mbili. Hujengwa nyumbani, katika mechi ndefu za mara kwa mara ambazo kushindwa kwake hakugharimu nafasi ya taifa.

4. Mikono ipo huku, na ni mikono iliyozoea kazi.

Mtu wa ofisi ile aliniambia kwamba sisi tuna raga na mpira wa magongo. Alisema kweli, na ukweli huo ndio hoja yangu. St. Anthony's ya Kitale na Friends School Kamusinga ya Kimilili ni majina makubwa ya mpira wa magongo katika shule za upili za Kenya. Mtoto aliyelelewa na gongo la mchezo ule tayari ana jicho la kufuata mpira mdogo unaokwenda kasi, ana kifundo cha mkono kinachogeuka, na anajua kuinama. Mtoto wa raga anajua kuudaka mpira huku akikimbia. Tunachokosa ni mtu wa kuja kuwaonyesha kwamba kuna mchezo mwingine unaozihitaji sifa hizo hizo.

Niruhusuni niwaonyeshe uwanja wetu. Kwa miezi mingi ni shamba la shule, lenye mahindi. Yakishavunwa, watoto hung'oa mabua sehemu ya katikati na kukanyaga udongo kwa miguu hadi ugumu. Wanapima yadi 22, kidogo zaidi ya mita 20, kwa kamba niliyoifunga mafundo. Wiketi ni mabua matatu yaliyochomekwa ardhini, na lile la kati likianguka huwa hapahitajiki mwamuzi. Gongo limechongwa na fundi seremala wa sokoni kutoka ubao wa mkaratusi. Ni zito, na kwa mvua huvimba. Mpira ni wa tenisi uliozungushiwa tepu upande mmoja tu, ili upinde hewani.

Msimu uliopita, binti mmoja anayetumia mkono wa kushoto alirusha ova nzima akiulenga ufa mmoja mdogo uliokuwa ardhini, karibu na mguu wa mpigaji. Mipira mitano ya kwanza ilitua pale pale au shibiri moja kando. Mpigaji, mvulana anayemzidi miaka miwili, aliizuia yote mitano. Wa sita aliurusha polepole zaidi. Mvulana aliucheza mapema, bua la kati likalala. Hakuna aliyemfundisha kubadilisha mwendo wa mpira. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, alisema, “Nilimwona anangoja wa haraka, mwalimu.” Katika nchi nyingine, mtoto anayemsoma mpigaji namna hiyo angekuwa tayari ameandikwa kwenye daftari la mtu.

5. Majirani wamefanya yale ambayo tunaambiwa hayawezekani.

Kutoka Bungoma hadi mpaka wa Malaba hakufiki mwendo wa saa moja. Ukivuka na kuendelea na basi la Kampala, kabla ya kuingia Jinja unapita chini ya kilima cha Mwiri, ilipo Busoga College, shule ya bweni iliyo mbali na mji mkuu na inayojulikana Uganda nzima kwa kriketi. Shule za Uganda zina wiki yao ya kriketi ya kila mwaka. Sishangai kwamba Novemba 2023, katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Windhoek, Namibia na Uganda ndizo zilizopata tiketi za Kombe la Dunia la ova 20 la 2024. Zimbabwe walibaki nyuma, nasi tukabaki.

Usiku wa kuamkia 6 Juni 2024, saa nane na nusu kwa saa zetu, nilikuwa macho nikiifuatilia simu yangu. Uganda walikuwa Guyana wakicheza na Papua New Guinea. Waliwaondoa wapinzani kwa mikimbio 77, wakazifikia kwa wiketi 3 mkononi, na huo ukawa ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Nilifurahi kama jirani. Kisha nikakumbuka kwamba Steve Tikolo, yule wa Durban, aliwahi kuwa kocha wa timu ya taifa ya Uganda, na Martin Suji, mwenzake wa kikosi cha 2003, aliwahi kuifundisha Rwanda. Maarifa yetu yalivuka mpaka yakamwagilia mashamba ya wenzetu. Siwaonei wivu majirani. Nauliza kwa nini maarifa hayo hayakufika Kitale, mwendo wa siku moja tu kutoka Nairobi, na bila kupigiwa muhuri wa pasipoti.

Tazameni pia Namibia. Sensa yao ya 2023 ilihesabu watu takriban milioni 3. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Kaunti hizi mbili peke yake zinakaribia nchi nzima ya Namibia. Namibia waliwashinda Sri Lanka katika Kombe la Dunia la ova 20 la 2022, na Oktoba 2025 wakawashinda Afrika Kusini jijini Windhoek. Kombe la Dunia la 2027 la ova 50 litaandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Rudini kwenye orodha ya waandalizi wa 2003. Mbili za kwanza ni zile zile. Jina lililobadilika ni la tatu, na lililoondoka ni letu.

6. Vijana wanaodharauliwa mara moja hawarudi.

Kuna wakati nilisikia tangazo la majaribio ya vijana katika klabu moja jijini Nairobi, ambayo sitaitaja. Niliwachukua wavulana wawili na msichana mmoja. Wazazi walichanga nauli. Mmoja aliuza kuku watatu, mwingine alikopa katika chama cha akina mama. Tulisafiri usiku kucha kutoka Kitale, tukafika alfajiri, watoto wakanawa uso kwenye bomba la stendi. Langoni tukaambiwa majaribio yamesogezwa, na wahusika walikwisha kuarifiwa. Hakuna aliyetuarifu. Hakuna aliyetoka nje walau awatazame wakirusha mpira dakika kumi. Tulirudi siku hiyo hiyo.

Mmoja wa wavulana wale hajashika tena mpira wa kriketi. Anabeba abiria kwa bodaboda, kazi ya halali, na tukikutana hunisalimia vizuri. Lakini mkono ule wa kurusha ulipotea langoni. Sijui ni malango mangapi kama lile yamefungwa kwa watoto wa Kakamega, Busia, Kapenguria, Lodwar. Najua lile moja kwa sababu nilisimama mbele yake.

Waheshimiwa, anayelalamika bila kuomba huwa amekata tamaa, na mimi sijakata. Haya ndiyo tunayoyaomba, na yote yamo ndani ya uwezo wenu.

1. Kabla ya kila ziara ya ng'ambo, timu ya taifa ifanye ziara ya nyumbani. Iwe ya siku tatu, mwaka mmoja Kitale, mwaka unaofuata Bungoma, na mechi moja ya wazi dhidi ya vijana wa eneo. Mchezaji wa taifa akimkabidhi mtoto gongo na kumsahihisha mshiko wake, mtoto yule hatahitaji mahubiri yangu tena.

2. Jengeni sehemu mbili za kuchezea, moja kila kaunti: sakafu ya saruji ya yadi 22 iliyotandikwa mkeka wa kriketi, katika uwanja wa shule ya umma. Hatuombi stediamu. Wazazi wetu watatoa mchanga na kokoto, na mafundi wapo. Kaunti zikubali kutoa saruji, nanyi mtoe mkeka na mtu wa kusimamia vipimo.

3. Wafunzeni walimu. Walimu ishirini kutoka kaunti hizi mbili, mafunzo ya wiki moja wakati wa likizo, na cheti kinachotambuliwa. Mwalimu mmoja aliyefunzwa hufikia watoto wengi kila mwaka kuliko kocha anayepita siku moja na kuondoka.

4. Anzisheni mechi ndefu nyumbani. Iwe mechi ya siku mbili kwa mashule, na ya siku tatu au nne kwa timu za maeneo: Nairobi, Pwani, Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi. Asiyecheza mechi ndefu nyumbani asipelekwe kujifunzia mbele ya wageni akiwa amevaa nembo ya taifa.

5. Majaribio ya timu za vijana yafanyike pia nje ya Nairobi na Mombasa, angalau mara moja kwa mwaka mjini Kitale au Bungoma. Tarehe itangazwe mwezi mmoja kabla, redioni na kupitia ofisi za elimu. Ikibadilika, itangazwe kwa njia ile ile. Wasichana wapewe siku yao.

6. Baada ya kila ziara, toeni ripoti kwa umma kwa Kiswahili na Kiingereza: nani alisafiri, alichaguliwa kwa vigezo gani, posho ya wachezaji ililipwa lini, fedha zilitoka wapi na zilitumikaje, na somo gani limepatikana katika kila aina ya mchezo. Chama hiki kilizaliwa mwaka 2005 kwa sababu wananchi walipoteza imani na kile kilichotangulia. Deni la uwazi mlizaliwa nalo.

Kwenu Mheshimiwa Waziri, ombi langu ni fupi. Serikali inapoiaga timu ya taifa na kuikabidhi bendera, iulize swali moja: wachezaji hawa wametoka katika kaunti ngapi? Jibu likiwa moja au mbili, basi bendera ile imebebwa na wachache kwa niaba ya wengi ambao hawakuulizwa.

Kwenu maafisa wa kaunti zetu, msingoje Nairobi ianze. Ardhi ya shule mnayo, vijana mnao, na michezo ya mashule huandaliwa kila muhula. Ongezeni mstari mmoja wa kriketi katika bajeti ya michezo, hata kama ni wa magongo kumi na mipira ishirini.

Kuna atakayesema kwamba nchi ina shida kubwa kuliko kriketi. Nazijua, kwa maana nakaa nazo darasani. Najua mtoto anayekuja shule bila kifungua kinywa, na najua bei ya mbolea. Lakini najua pia saa kumi jioni ikoje kwa kijana ambaye hana pa kwenda baada ya masomo, na najua ni nani humngojea barabarani. Kriketi ina ajira ya mchezaji, mwamuzi, mtunza uwanja, mwandishi wa matokeo na kocha. Mwaka 2028 itarudi katika Olimpiki, Los Angeles, kwa ova 20. Binti yule wa mkono wa kushoto atakuwa na umri wa kucheza. Ataitazama kwenye simu ya mtu, au ataanza kutayarishwa sasa, na uamuzi huo uko mezani kwenu.

Nawaalika rasmi. Njooni bila msafara na bila hema. Mkitoka Kitale shukeni Kamukuywa, muulize shule inayocheza kriketi kwenye mabua, kila mwendeshaji bodaboda atawaonyesha njia. Mahindi yakishatoka shambani tunacheza kila Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi hadi jua linapozama upande wa Mlima Elgon. Mje na daftari na kalamu, mwandike majina ya watoto hawa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa michezo,
Kamukuywa, kati ya Kitale na Bungoma